Mana, Mvua na Masazo: Mungu Hulishaje katika Maandiko ya Kiebrania?

Unga unapopanda bei, mahubiri kuhusu chakula huongezeka, na hayasemi jambo moja. Mhubiri mmoja hufungua Kutoka 16 na kuwatuliza waumini kwamba aliyeshusha mana jangwani hajabadilika, wasubiri tu. Mwingine hufungua 1 Wafalme 17, habari za mjane wa Sarepta, na kuwataka watoe hata kile cha mwisho kilichobaki nyumbani ili pipa lao la unga lisiishe. Wa tatu huwapeleka kwa chungu wa Mithali 6 na kuwaonya kwamba njaa ni malipo ya uvivu. Wote watatu wameshika kitabu kimoja. Mama anayetoka ibadani akiwa na watoto wa kulisha jioni hiyo hajui ashike lipi: asubiri, atoe, au ajilaumu.

Mkanganyiko huu hauwahusu Wakristo peke yao. Msomaji wa Kurani anaikuta mana na salwa katika Surat al-Baqara, pamoja na manung'uniko ya Wana wa Israili waliochoshwa na chakula cha aina moja wakataka matango, dengu na vitunguu. Wayahudi nao wamejadiliana juu ya swali hilihili kwa karne nyingi.

Hapa tutajifunga kwenye Maandiko ya Kiebrania, yaani yale ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale. Mpaka huo una maana yake. Usemi maarufu wa kumnyima chakula asiyetaka kufanya kazi, unaorushwa kila mjadala huu unapoanza, ni wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, humu haumo. Kilichomo ni misimamo mitatu iliyoishi pamoja kwa muda mrefu: kwamba Mungu hulisha kwa mwujiza, kwamba hulisha kwa mvua na jasho la mkulima, na kwamba hulisha kwa sheria inayomlazimisha mwenye shamba kuacha sehemu ya mavuno. Ugomvi wa mimbarini unatokana na kuchukua mmoja na kuwaacha wenzake.

Nchi isiyo na Nile

Kabla ya kupima misimamo hiyo ni lazima kuitazama ardhi iliyoizaa. Kumbukumbu la Torati 11 inalinganisha nchi mbili. Misri ni nchi ya kumwagilia, mkulima huelekeza maji kwa mguu wake kama mtu anayehudumia bustani ya mboga. Kanaani ni nchi ya vilima na mabonde inayokunywa maji ya mbinguni. Maelezo hayo ni ya kijiografia kwanza, kabla hayajawa ya kidini. Misri ilikuwa na Nile. Vilima vya Yuda na Efraimu havina mto wa kuvilisha. Vinategemea mvua inayonyesha kati ya Oktoba na Aprili, kisha miezi ya kiangazi hainyeshi kitu. Mvua za mwanzo hulainisha udongo uliokauka ili jembe liingie. Za mwisho, karibu na Machi na Aprili, ndizo zinazojaza punje. Za mwisho zikikosekana, shayiri hutoa masuke matupu. Zikikosekana miaka miwili mfululizo, watu huhama.

Ndiyo maana njaa haiko mbali katika kurasa hizi. Abrahamu anashuka Misri kwa sababu yake. Isaka anakwenda Gerari. Wana wa Yakobo wanapanda na kushuka wakitafuta nafaka. Elimeleki anahama na Naomi kutoka Bethlehemu kwenda Moabu. Siku za Daudi njaa inakaa miaka mitatu. Hawa ni watu wa agano, tena wengine ndio wazee wa imani, na hakuna anayeambiwa kwamba njaa ilimpata kwa kukosa imani. Msomaji anayedhani kwamba ahadi ya Mungu huondoa ukame ajue kwamba Maandiko yenyewe hayakuanza na dhana hiyo.

Tena kulikuwa na mshindani. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Ras Shamra nchini Syria kuanzia mwaka 1929, penye magofu ya mji wa Ugarit, yanaonyesha jinsi Baali alivyotukuzwa kama bwana wa mawingu, ngurumo na rutuba. Mkulima wa Kanaani aliyeomba mvua alikuwa na wa kumwomba zaidi ya mmoja. Nabii Hosea analalamika kwamba Israeli hakutambua ni nani aliyempa nafaka, divai na mafuta, akampelekea Baali shukrani. Kwa hiyo swali la nani analisha halikuwa la kufarijiana tu. Lilikuwa swali la utii: ukishajua nani amekupa mavuno, umejua pia sheria ya nani utaifuata ukiyavuna.

Msimamo wa kwanza: chakula kishukacho

Habari ya mana inaanza mwezi mmoja baada ya kutoka Misri, katika nyika ya Sini, kati ya Elimu na Sinai. Watu wana njaa na wanakumbuka masufuria ya nyama. Jioni kware wanafunika kambi. Asubuhi umande ukiisha kukauka kuna kitu kidogo cheupe juu ya nchi. Kila mtu aokote pishi moja kwa kila kichwa cha hemani mwake, kipimo ambacho wataalamu wengi hukikadiria kuwa kama lita mbili.

Yanayofuata ndiyo kiini, na ndiyo yanayorukwa katika mahubiri mengi. Walipopima, aliyeokota kingi hakuzidishiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojiwekea hadi asubuhi walikikuta kimeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita kikawa maradufu, na akiba ya siku hiyo haikuoza. Siku ya saba waliotoka kuokota hawakupata kitu. Huu ni mwujiza wenye kanuni: una kipimo, una ratiba, una siku ya mapumziko, na unakataa kulimbikizwa.

Kwa nini ukatae? Jibu liko kurasa chache nyuma. Mwisho wa Mwanzo, Yusufu anaiokoa Misri kwa mpango wa serikali: sehemu ya tano ya mavuno inawekwa ghalani miaka saba ya neema ili iliwe miaka saba ya njaa. Mpango ulifanya kazi na watu wakapona. Lakini soma sura ya 47 polepole. Mwaka fedha zilipoisha, watu walitoa mifugo yao. Mifugo ilipoisha, walitoa mashamba yao na miili yao, na nchi yote ikawa ya Farao isipokuwa ya makuhani. Wenyewe walishukuru kwa kuokolewa uhai na wakakubali kuwa watumwa. Kisha Kutoka 1 inatuonyesha wajukuu wa Yakobo wakijenga kwa shuruti Pithomu na Raamsesi, na miji hiyo inatajwa kuwa miji ya kuwekea akiba. Ghala lililowaokoa babu likawa mahali pa utumwa wa wajukuu. Taifa lililojenga maghala ya mwingine kwa mijeledi linapofika jangwani, linapewa chakula ambacho hakiwezi kuwekwa ghalani na mtu yeyote. Mana ni shule ya kufuta mazoea ya Misri.

Msimamo huu una nguvu kubwa. Unamrudishia mtu heshima ya kula bila kumwinamia Farao. Kumbukumbu la Torati 8 inasema wazi kwamba mana ilikuwa ya kunyenyekeza, ya kujaribu na ya kufundisha. Wayahudi wameitunza kumbukumbu hiyo mezani hadi leo: jioni ya Sabato huwekwa mikate miwili mizima, kukumbuka sehemu maradufu ya siku ya sita.

Udhaifu wake ni kwamba mana haikukusudiwa kudumu. Yoshua 5 inatoa hata wakati wake wa mwisho. Watu walipofika Gilgali, wakala Pasaka na kula mazao ya nchi, mikate isiyotiwa chachu na bisi, mana ikakoma siku iliyofuata. Hakuna aliyeomboleza. Hakuna nabii aliyeomba irudi. Penye shamba mana haina kazi, na mtu anayehubiri kusubiri mana huku jembe liko pembeni amesimama upande usio sahihi wa Yordani.

Kuna udhaifu wa pili, nao umo katika Hesabu 11. Watu waliochoka na mana walitamani samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu vya Misri. Wakaletewa kware kwa wingi kupita kiasi. Aliyekusanya kidogo alikuwa na homeri 10, yaani mara mia ya pishi la mana kwa kila homeri. Pigo likawapata nyama ikiwa ingali kati ya meno yao. Wingi ulioombwa kwa tamaa haukuhesabiwa kuwa baraka.

Wanasayansi wa jangwani

Wapo wanaosema mjadala wote huu unaisha kwa kueleza mana ilikuwa nini hasa. Mwaka 1927 mtaalamu wa wadudu Friedrich Simon Bodenheimer alikwenda Sinai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem kuchunguza kitu kitamu ambacho watawa na Mabedui walikuwa wakikiita mana. Alionyesha kwamba hutolewa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti wa tamariski. Utomvu huo una sukari nyingi na naitrojeni kidogo, hivyo mdudu hunywa mwingi ili apate anachohitaji na kuitoa sukari iliyozidi kama matone. Hewa kavu ya jangwa huyakausha, yanaanguka usiku, na asubuhi inabidi yaokotwe mapema kabla chungu hawajapata joto la kuyafuata. Kware nao wanafahamika. Kila mwaka huvuka Bahari ya Mediterania wakitoka Ulaya na kutua pwani ya Sinai wakiwa hoi, na watu wamewanasa kwa nyavu hapo tangu zamani. Hata sumu ya nyama ya kware, inayoharibu misuli ya baadhi ya walaji, inajulikana kwa madaktari.

Maelezo haya yanafanana na simulizi mahali pengi: utamu, weupe, kuokota alfajiri, kuyeyuka juani. Lakini hayafiki mbali. Mana ya tamariski hupatikana majuma machache ya kiangazi na kwa kiasi kidogo mno, ilhali Kutoka inataja wanaume 600,000 wa kwenda kwa miguu. Pishi moja kwa kila mmoja wao ni zaidi ya lita milioni moja kwa siku, kabla hujahesabu wanawake na watoto. Sukari hiyo haisagwi kwa mawe wala haipondwi kinuni ikapikwa mikate, kama Hesabu 11 inavyoeleza. Na mdudu hajui Sabato.

Anayeamini mwujiza na anayeamini mdudu wote wanabaki na swali lilelile, kwa sababu simulizi halikuandikwa kujibu mana imetengenezwa na nini. Liliandikwa kujibu igawanywe vipi. Mtu anaweza kumaliza kabisa utafiti wa tamariski na bado asijue kwa nini mwenye nguvu za kuokota pishi tano alibaki na moja.

Mjane wa Sarepta amebebeshwa nini

Kisa kinachotumiwa vibaya zaidi katika nyakati zetu ni hiki, kwa hiyo kinastahili kusomwa kwa utulivu. Eliya ametangaza ukame siku za Ahabu na Yezebeli. Kwanza anakaa penye kijito cha Kerithi, kunguru wakimletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Kijito kinakauka, hata chakula cha mwujiza hakikukiokoa kisikauke. Anatumwa Sarepta, mji wa Wasidoni, nchi ya Yezebeli mwenyewe, ambako Baali alipaswa kuwa na nguvu. Huko anamkuta mjane akiokota kuni mbili ili apike konzi ya mwisho ya unga, yeye na mwanawe wale kisha wafe. Eliya anaomba mkate mdogo kwanza.

Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu na kupitisha kapu. Lakini simulizi linaendelea. Mkimbizi huyu hakuchukua mkate akaondoka. Aliishi chini ya paa la mjane na wote walikula kutoka pipa lilelile siku nyingi. Pipa halikufurika, halikuisha tu. Mjane hakutajirika, hakupata pipa la pili, na ahadi ilikuwa na kikomo kilichotajwa tangu mwanzo: hadi siku ya mvua. Mtoto wake aliugua akafa ndani ya nyumba hiyohiyo yenye pipa la mwujiza, na nabii akalia mbele za Mungu kwa uchungu hadi uhai ulipomrudia. Ni mwujiza wa kuvuka ukame, unaowaunganisha mgeni na mjane katika sahani moja.

Ukisoma mbele kidogo, 2 Wafalme 4, unamkuta mjane mwingine. Mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Mafuta yanajaza vyombo vyote alivyoazima kwa majirani. Agizo la nabii ni fupi: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Elisha hakupewa hata tone. Na sura inayofuata Gehazi, mtumishi wake, anapomkimbilia Naamani kuchukua fedha na mavazi kwa sababu ya uponyaji, anarudi na ukoma. Mtu akitaka kujenga mafundisho ya utoaji kwa nabii juu ya visa hivi, sharti avipite viwili hivi vya mwisho bila kuvitazama.

Msimamo wa pili: mvua na jasho

Msimamo wa pili una maneno machache, ila ndio unaoshika sehemu kubwa ya maisha. Mwanzo 3 inaweka jasho katika mkate. Zaburi 104 inaimba kwamba Mungu humpa simba mawindo na ng'ombe majani, na mwanadamu hutoka asubuhi kwenda kazini hadi jioni; ibada na kazi zimo katika wimbo mmoja bila kugombana. Isaya 28 inakwenda mbali zaidi: mkulima anayejua mahali pa kupanda ngano na mahali pa kusia jira, anayejua kwamba jira hupigwa kwa fimbo wala haiburutiwi gurudumu, amefundishwa na Mungu. Maarifa ya kilimo nayo ni riziki iliyoshuka. Hapa ndipo chungu wa Mithali anapoingia, pamoja na onyo kwa asiyelima wakati wa baridi.

Nguvu yake iko wazi. Unamfanya mtu mshirika, na unamkinga na wauza mwujiza. Hata hivyo unapohubiriwa peke yake hugeuka kuwa mashtaka dhidi ya maskini. Kitabu hichohicho cha Mithali kinakataa matumizi hayo. Sura ya 13 inasema shamba la maskini lina chakula kingi, lakini kinaondolewa kwa dhuluma. Sura ya 11 inasema watu watamlaani azuiaye nafaka. Kijana mvivu anayeonywa na Mithali si sawa na mkulima aliyevuna kisha akanyang'anywa. Mhubiri asiyewatenganisha hao wawili anaongeza mzigo juu ya njaa.

Msimamo wa tatu: kona za shamba

Walawi 19 inamwamuru mwenye shamba asivune hadi kona za mwisho na asirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza mganda uliosahauliwa, mzeituni usiopigwa mara ya pili, mizabibu isiyochumwa tena. Sura ya 23 inamruhusu mpita njia kushiba zabibu za jirani kwa mkono, bila kutia chomboni. Sura ya 14 inatenga zaka ya mwaka wa tatu kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane wa mjini. Marabi waliokusanya Mishna waliweka kiwango, kona isipungue sehemu moja ya 60 ya shamba. Wakaongeza kwamba mwenye shamba anayemruhusu maskini mmoja na kumzuia mwingine anawaibia maskini. Yaani haki hiyo si hisani ya kuchagua umpendaye.

Tunayo picha ya karibu ya sheria hii ikifanya kazi. Ruthu, mgeni kutoka Moabu na mjane, anaingia shamba la Boazi mwanzo wa mavuno ya shayiri. Anaokota nyuma ya wavunaji tangu asubuhi. Wakati wa chakula anakaribishwa kuchovya tonge katika siki na kupewa bisi, anashiba na kusaza, na saza anamhifadhia mkwewe. Boazi anawaambia vijana waachie masuke mengine kwa makusudi na wasimguse. Jioni anapura alichookota: kama efa moja ya shayiri.

Efa ni pishi 10. Kutoka 16 yenyewe inatoa hesabu hiyo katika mstari wake wa mwisho. Kwa kipimo cha mana, mwanamke mmoja mgeni alirudi nyumbani na posho ya watu 10 ya siku moja, au siku tano kwa watu wawili. Haikushuka mbinguni. Ilitoka katika sheria, kazi ya mikono yake, mvua iliyokuwa imerudi Bethlehemu, na mwenye shamba aliyeitii sheria hata kupita matakwa yake. Simulizi linaanza kwa kusema Bwana amewajilia watu wake kwa kuwapa chakula. Kujiliwa huko, mlangoni kwa Naomi, kulikuwa na sura ya efa ya shayiri begani kwa Ruthu.

Udhaifu wa msimamo huu si mdogo. Kwanza unategemea utii wa mwenye mali. Naomi mwenyewe anamwonya Ruthu asionekane katika shamba jingine, maana kulikuwa na mashamba ambamo mwanamke mwokotaji angeweza kudhulumiwa. Karne ya nane kabla ya Kristo, Amosi anawakuta wafanyabiashara wanaopunguza efa, wanaozidisha shekeli na kuuza takataka za ngano. Sheria ilikuwepo, mizani ilikuwa imechezewa. Baadaye, siku za Nehemia, watu wanaweka rehani mashamba na watoto wao ili wapate nafaka, na gavana analazimika kuwaita wakuu hadharani warudishe mashamba na riba.

Pili, sheria ina gharama kwa taifa zima. Mwaka wa saba ardhi inapumzishwa, maskini wa watu wale kinachoota chenyewe, na Walawi 25 inaahidi baraka ya mwaka wa sita kuziba pengo. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, ambacho hakimo katika Maandiko ya Kiebrania ila ni shahidi mzuri wa historia, kinaeleza kwamba ngome ya Bethsuri ilisalimu amri kwa majeshi ya Antioko wa Tano kwa kuwa chakula kilikuwa haba, nao ulikuwa mwaka wa kupumzisha nchi. Walioshika sheria walilipa kwa kuipoteza ngome. Miaka zaidi ya 100 baadaye, Josephus anaandika, Julius Caesar aliwasamehe Wayahudi kodi ya mwaka wa saba, dalili kwamba waliendelea kuishika ingawa iliwabana. Anayesifu sheria hii asiifiche bei yake.

Zaburi 37 na Maombolezo 4

Kuna mahali misimamo yote mitatu inashindwa, na Maandiko hayakupaficha. Mzee wa Zaburi 37 anashuhudia kwamba katika umri wake wote hajaona mwenye haki ameachwa wala uzao wake ukiomba chakula. Maombolezo 4, baada ya Wababeli kuuzingira Yerusalemu mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, inaonyesha watoto wachanga wakiomba mkate na hakuna wa kuwamegea. Watoto hao hawakuwa wavivu. Hawakuwa wamezuia nafaka ya mtu.

Yeremia alikuwa ndani ya mji huo. Mfalme aliamuru apewe mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waokaji, na alipewa hadi mkate wote wa mji ulipokwisha. Huyu ni nabii wa kweli kama Eliya, na pipa lake lilikwisha. Wafasiri wengine husema Zaburi 37 ni ushuhuda wa mtu mmoja, si ahadi kwa wote. Wengine husema ni kanuni ya jumla yenye nafasi ya kupindwa na vita. Mimi naona maelezo ya kwanza ni ya kweli zaidi, maana yanawaacha watoto wa Maombolezo waaminiwe. Kilio chao kimewekwa katika kitabu kitakatifu pamoja na wimbo wa yule mzee, na hakuna aliyeruhusiwa kukifuta.

Kupima

Talmudi, katika Berakhot, inahifadhi mjadala unaofanana sana na wetu. Rabi Ishmael alifundisha kwamba mtu ajifunze Torati na pia alime na kuvuna kwa wakati wake. Rabi Shimon bar Yochai aliuliza: mtu akilima wakati wa kulima, akipanda wakati wa kupanda, akivuna na kupura, Torati itasomwa lini? Israeli wakimtii Mungu, wengine watawafanyia kazi. Abaye, karne kadhaa baadaye, alitoa hukumu kwa kuangalia matokeo: wengi walifanya kama Ishmael wakafanikiwa, na wengi walifanya kama Shimon na hawakufanikiwa. Rava naye aliwasihi wanafunzi wake wasifike darasani miezi ya Nisani na Tishri, misimu ya mavuno na ya kukamua zabibu na zeituni, ili wasihangaikie chakula mwaka mzima. Hao ni walimu walioipenda mana kuliko sisi, na waliwatuma wanafunzi shambani.

Nikipima uzito wa kurasa zenyewe, mwujiza una nafasi mbili tu: mahali pasipo na shamba, na wakati ambapo mlango mwingine umefungwa. Nyikani, kijitoni, Sarepta, Samaria iliyozingirwa. Kila mara una kipimo na kila mara una mwisho. Mvua na kazi ndizo kawaida ya miaka, na shukrani inadaiwa hapo kama inavyodaiwa kwa mana. Lakini manabii wanapokuta mavuno yapo na watu wana njaa, hawamuulizi mwenye njaa kuhusu imani yake. Amosi anawageukia wenye mizani, Isaya 58 inataka mkate umegwe, na Ezekieli 16 inautaja ushibe wa Sodoma usiomshika mkono maskini kuwa sehemu ya uovu wake. Hata katika ukame wa Eliya kuna tofauti hiyo: Mfalme Ahabu alikuwa akizunguka nchi kutafuta majani ya farasi na nyumbu wake, ilhali Obadia, msimamizi wa nyumba yake, alikuwa akiwalisha kwa siri manabii 100 pangoni kwa mkate na maji. Wale 100 hawakulishwa na kunguru. Walilishwa na mtumishi wa serikali aliyehatarisha shingo yake.

Hivyo msimamo wa tatu ndio unaobeba mzigo mkubwa zaidi, ukisimama juu ya wa pili, na wa kwanza ukiwa ndio uliofundisha kipimo: pishi moja kwa kila kichwa, jangwani kwanza, kisha shambani. Anayewataka maskini watoe konzi ya mwisho ameugeuza mpangilio huo juu chini. Ndugu mhubiri, mwaka wa ukame ukifungua 1 Wafalme 17, fungua na Walawi 19, na uisome ukiwatazama wenye mashamba na maghala waliokaa viti vya mbele.